Shikamoo ya Kumi na Mbili

Kambarage, Shinyanga
12 Juni 1996

Mzee wangu Fazal,

Shikamoo. Hii ndiyo ile ya kumi na mbili uliyokataa kuitikia jana.

Anayekuandikia ni Jilala Makoye, mtu ambaye kule Maganzo wachimbaji hawanyanyui sururu kabla hajakohoa. Almasi kubwa kama yai la kanga niliiona mimi, nikaiacha kwa sababu nilikuwa na haraka. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi dukani mbele ya wanunuzi wa sabuni.

Mzee, uligawa kadi na kutangaza mwenyewe: kila ukinunua, mhuri mmoja, mihuri sitini, baiskeli. Ng'ambo ya barabara Bhagwati naye kagawa zake: kila kilo nzima, mhuri, mihuri ishirini, sufuria tatu. Mke wangu, Mama Mihayo, alitaka nyumba yetu ishike ya Bhagwati, eti baiskeli haiivishi ugali. Nikamjibu kwamba sufuria haijawahi kumfikisha mtu harusini. Nikachagua yako. Sasa tazama malipo yangu:

1. Nilitaka sukari kilo moja na nusu. Kwa akili niliyojaliwa, nikanunua nusu robo, nikatoka, nikaingia upya. Mara kumi na moja nilikusalimu, mara kumi na moja ukaitikia; ile ya nane tulipeana mwangaluka ya Kisukuma, kubadilisha ladha. Ya kumi na mbili ukanyamaza, ukanionyesha mlango, nisirudi hadi Ijumaa.

2. Kadi ukaigonga mhuri mmoja tu, eti mnunuzi ni yule yule. Mzee, humwitikii marahaba mtu ambaye hajaenda popote! Ukishaitikia, umekiri kaingia mwingine. Hata mahakamani wangesema hivyo, na mimi mahakamani napita nje mara nyingi, nasikia mambo.

3. Unasema nilizuia foleni. Foleni gani? Watu walicheka hadi Generosa muuza maandazi akaenda kuleta kigoda chake. Kwa kukukusanyia wateja nastahili mihuri mingine kumi.

4. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 22, mpwa wangu Asteria anaolewa Maganzo. Nimeshatangaza: mjomba anaingia na baiskeli mpya, kengele inalia. Mjomba akishuka kwenye lori la mkaa, ndoa ya mtoto itakuwa imeanza kwa uongo, na uongo huo utakuwa wako.

Kwa hiyo naomba tusisumbuane na mihuri. Toa baiskeli kwanza, kadi nitaijaza polepole.

Msalimu mkeo, Mama Naznin, isalimu na mizani yako, ilifanya kazi nzuri. Hata Bhagwati, ukimwona anachungulia, mpungie mkono.

Ni sisi wateja wako kumi na wawili,
Jilala Makoye

Nyongeza: Mama Mihayo ameingia sasa hivi. Kanunua kwa Bhagwati sembe ya harusi kilo ishirini kwa mkupuo, na sufuria tatu kapewa. Anasema ndizo zawadi ya Asteria. Baiskeli bado naitaka, ila iwe na keria imara. Ataendesha yeye, mimi nitakaa nyuma nimepakata sufuria. Baiskeli, Mzee wangu, sijui kuendesha.