Wakili wa Kesi ya Ziwani

Asubuhi ile pale Mkuyuni, kwenye benchi la kahawa la Mwanaharusi, Malimi alikunjua gazeti. Walimwita Spika, kwa kuwa hakuna aliyezungumza kabla yake. Akasoma: asiyezaliwa Tanganyika ajiandikishe uraia kabla mwaka haujaisha.

Yunus, fundi cherehani, akakitua kikombe. Yeye alizaliwa melini, mama yake akitokea Kisumu.

"Meli ilikuwa imefika wapi?" akauliza Spika.

"Mama alisema kichwa kilitokea maji ya Kenya. Mwili uliobaki ukafuatia huku."

"Basi miguu yako ni raia," akasema Seif, dalali wa pamba waliyemwita Jaji kwa sababu aliwahi kuwa shahidi mara moja. "Shida ni kichwa. Tafuta wakili. Mchukue yule mnene wa karibu na bandari. Akikaa mlangoni, hakimu hatoki mpaka wakubaliane."

"Mnene hafai," Spika akakata. "Kesi ni ya ziwani. Wakitaka kuonyeshwa ulipozaliwa, mtumbwi utazama naye pamoja na ushahidi. Mchukue Vithaldas. Mwembamba, ana vitabu mpaka chooni."

"Anajua kuogelea?"

"Ana miwani."

Jaji akaridhika.

Yunus hakucheka. Mkewe Odeta ni wa Nansio, kisiwani hapo ng'ambo, watoto wao sita wamezaliwa hapahapa. "Wakinipandisha meli wanirudishe," akasema taratibu, "nitashukia wapi?"

Hata Spika akakunja gazeti.

Kesho yake Yunus akavaa koti lake la sikukuu ya Idi, akaenda kwa Vithaldas. Pamefungwa. Jirani akamwelekeza bomani. Huko alikuta foleni imezunguka jengo, na mwishoni kabisa kasimama Vithaldas mwenyewe, jasho linamtiririka.

"Mimi ni wa Jinja," wakili akanong'ona. "Mara tatu wamenirudishia fomu. Wanasema maelezo ya kurasa nne ni mengi. Tangulia wewe, nione unavyofanya."

Dirishani karani akamuuliza Yunus, "Umezaliwa wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa lipi?"

"Hilo hapo."

Karani akageuka, akalitazama ziwa kupitia dirisha la nyuma. "Hilo letu," akasema, akagonga muhuri.

Jioni benchi zima lilikuwa linamsubiri.

"Ulimpata wakili?" akauliza Spika.

"Nilimpata," Yunus akasema, akipokea kahawa. "Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nimemshauri na yeye aseme ziwani."