Msafara wa Nepi Nyekundu

Jumatano, 6 Agosti

Mtoto anaitwa Baya. Mjukuu wangu, miezi saba, masikio ni yangu kabisa, na anaitwa Baya! Ndiyo desturi ya Wagiriama: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo kila nikimbembeleza, namtaja mkwe wangu, Mzee Baya wa Kilifi, mtu mwenye kitambi cha kuwekea kikombe.

Likizo ya uzazi ya binti yangu Bridgit, pamoja na ile ya bila malipo aliyoiongezea, inaisha. Anarudi kazini Kilifi. Jumamosi tunakwenda wote kwa Mzee Baya, kikao kiamue: siku za kazi mtoto akae kwake, au kwetu hapa Malindi? Kwetu, bila shaka. Kabla Bridgit hajaja kujifungulia hapa, nyumba hii ilikuwa kimya mpaka unaisikia saa ya ukutani ikitembea. Mimi kwenye kimya hicho sirudi.

Mzee Baya amepiga simu kujigamba. Amenunua pampasi, boksi zima. Nikamwambia mtoto si mkate wa kufungiwa plastiki, tena na joto hili la pwani. Akacheka. Akauliza kama bado napika ile chai yangu. Chai yangu! Mtu aliyekunywa birika zima Krismasi!

Mpango: mjukuu ataingia Kilifi na nepi za kitambaa, mpya, rangi moja, kama timu ya mpira. Wazee wajionee malezi. Mke wangu Mwikali anazo nepi nyeupe nzuri tu, lakini nyeupe ni rangi mbea, haifichi kitu. Nimekata shuka letu jekundu la flaneli. Limetoa nepi nyingi. Mwikali hajajua kuhusu shuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwikali amejua kuhusu shuka.

Kwanza yalikuwa mayowe. Matako ya mtoto mekundu kama nyanya! Mwikali akambeba mbio hadi zahanati, mimi nyuma na ndara zisizofanana. Nesi akapitisha pamba yenye maji. Pamba ikawa nyekundu, mtoto akawa mtoto. Nesi akauliza ni nani fundi wa nepi hizi. Mwikali akanionyesha kwa kidevu. Nesi akasema, "Pole sana, mama." Pole kwa Mwikali! Mimi hakuna aliyenipa pole, na shuka lilikuwa langu pia.

Nimezifua na chumvi, nikazifua tena, mpaka maji yakatoka safi. Mwikali anasema Kilifi tutabeba nyeupe, na hataki maneno. Nikaenda kutafuta beseni.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeziloweka zile nyeupe zote kwenye beseni. Kwa usafi. Nimezitia na sabuni nyingi sana, kwa upendo. Ziko majini hadi sasa. Basi zimebaki nyekundu tu!

Tatizo dogo. Manyunyu tangu alfajiri, na nyekundu zenyewe bado zimelowa. Nimezitundika jikoni. Zinanuka moshi wa samaki. Mwikali ameuliza, kwa sauti ya upole ninayoiogopa kuliko ukali, kama nilizaliwa hivi au nilisomea.

Jirani yetu Muzammil atatupeleka na Probox yake. Kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo, akatazama nepi, akatazama chini.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimekaa nyuma ya nyumba ya Mzee Baya, maana mbele hawanitaki.

Asubuhi nepi zilikuwa bado mbichi na manyunyu yamekatika. Nikapata wazo ambalo hata sasa naliona zuri: upepo wa gari! Nikafunga kamba kutoka kioo cha pembeni hadi nyuma, kulia na kushoto, nepi nyekundu zote zikapepea. Mwikali akakaa mbele kwa sababu ya kichefuchefu, Bridgit na mtoto nyuma pamoja na mizigo. Mimi nikajilaza kwenye buti, mlango wazi, kushika ncha za kamba zisilegee. Kulikuwa na vumbi na baridi, nikajifunika shuka jeupe toka kichwani hadi vifundoni. Nje zikabaki soksi zangu za kijani, zile ambazo kanisa zima linazijua.

Safari tamu ajabu! Magari yalitupisha. Lori likasimama kando. Wanaume walivua kofia. Kwenye kizuizi cha polisi, askari alimwambia Muzammil "Poleni sana, piteni," wala hakuuliza leseni. Nikawaza, hatimaye nchi hii imejua thamani ya mtoto mchanga.

Gari lenye vitambaa vyekundu ni gari la maiti. Kila mtu anajua. Mimi pia najua! Ila nilikuwa nawaza nepi.

Pale Matsangoni alisimama Zipporah, mama wa kanisa letu, amekuja kununua korosho. Akaona vitambaa vyekundu. Akaona Mwikali amejifunika leso usoni (harufu ya samaki hiyo). Akaona soksi. Akampigia simu Mzee Baya, analia. Bridgit hakuweza kupigiwa, simu yake ilikuwa mdomoni mwa mtoto.

Gari likaingia uani. Nikasikia vilio. Nikachungulia kwa pembe ya shuka: turubai, viti, sufuria ya chai. Nikadhani kuna msiba wa jirani. Wanawake wakawazoa Mwikali na Bridgit hadi ndani kabla hawajauliza nani amekufa. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Baya, imepasuka kabisa, mbele ya wazee wote wa kikao.

Phineas alikuwa mtu, alisema. Phineas ni mimi.

Nikataka kuinuka, wallahi. Lakini akaendelea. Akasema mtoto asitenganishwe na Mwikali katika majonzi haya, akae Malindi awe faraja yake. Wazee wakaitikia.

Nilikuwa nimeshinda! Kilichotakiwa ni kuwa maiti kidogo tu, mpaka wazee wapige muhuri wa maneno. Nikabana pumzi. Nikalegeza vidole vya miguu. Mzee mmoja akamwambia Mzee Baya basi, sema mara ya pili liwe limekwisha.

Mzee Baya akasogea butini. Chozi lake likadondoka kwenye soksi yangu. Akasema, "Baba Bridgit, ndugu yangu. Nenda salama. Chai yako ilikuwa maji ya kuoshea vikombe, lakini moyo wako..."

Nikakaa kitako. "Maji ya vikombe? Na birika la Krismasi alilimaliza nani?"

Mzee Baya aligeuka kukimbia, akaanguka kifudifudi juu ya sufuria. Kitambi kilimwokoa. Turubai lilibaki na watu wawili, na mmoja alikuwa kiziwi.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao kimefanyika bila mimi. Mtoto anabaki Kilifi kwa Mzee Baya. Nikatuma ujumbe kwamba lilikwishasemwa mbele ya wazee. Jibu likarudi kwamba lilisemwa kwa mjane, na mjane hayupo. Mzee Baya akaongeza kuwa mtu aliye tayari kufa kwa ajili ya nepi hawezi kuachiwa mtoto.

Bridgit hakunitetea. Alinishika bega tu, akaniambia, "Baba, pole." Afadhali angenitukana.

Mtoto amevalishwa pampasi. Anatoa mchakacho kama mfuko wa viazi karai. Alinicheka nilipomuaga, akanivuta sikio.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumerudi Malindi. Nepi zimekauka vizuri kabisa, laini, rangi haitoki tena, na hakuna wa kumvalisha. Mwikali amezikunja moja moja akaziweka kabatini. Saa ya ukutani inasikika.

Nimewaza sana. Wapo watakaosema kosa lilikuwa rangi. Wengine watasema buti. Mwikali anasema kosa ni mimi, kuanzia juu hadi kwenye soksi. Hapana. Kosa lilikuwa kuamka mapema! Lilibaki neno moja tu.

Wiki ijayo mtoto analetwa Malindi kubatizwa, na Mzee Baya atakuja na wazee wake. Shuka jeupe ninalo. Nimejilaza kwenye kochi jioni hii, macho nimefumba, nikamwomba Mwikali anitukane kwa mazoezi. Hakuhitaji kubembelezwa. Aliniita mchoyo, nikatulia. Aliniita mvivu, sikupepesa. Akasema hata mtoto alikuwa ananivumilia tu. Hilo liliingia, lakini nilibaki nimenyooka kama ubao.

Alipofika kwenye chai, nikainuka.