Mwalimu wa Wageni na Dirisha Lake

Jumapili, 2 Machi 2025

Miezi saba hapa Guangzhou, China, na hakuna anayeniuliza kitu. Mimi, Simiyu, niliyezijua njia zote za soko la Zhanxi kufikia wiki ya pili! Wote humuuliza Cyrille, Mkongo wa Lubumbashi, wakala wa mizigo, eti kwa sababu amekaa miaka tisa. Kukaa si kujua. Hata jiwe hukaa.

Leo baada ya ibada nimetangaza Darasa la Wageni, chumbani kwangu. Nimewaambia ni ofisi, na kwamba kwangu hasa ni ghorofa ya ishirini na mbili, upande wa ziwa la Liuhua. Waliokuja ni wawili: Mueni wa Machakos, aliyefika Alhamisi kununua viatu vya watoto, na Séphora, Mkongo, aliyefuata chai.

Somo la kwanza, hewa. Ni majira ya unyevu, kuta zinatoka jasho, soksi hazikauki wiki nzima. Nikawafundisha wafungue madirisha mchana kutwa. Séphora akasema Papa Cyrille huwaambia wafunge, maana unyevu wenyewe unatoka nje. Nikamjibu kila mtu na kwao. Langu nimelifungua wazi, liwe mfano.

Jumatatu, 3 Machi

Somo la pili, kupatana bei. Duka la viatu, Zhanxi, ghorofa ya tatu. Kanuni yangu ni moja: taja nusu, akikataa geuka uondoke, atakuita. Nikataja nusu. Mama mwenye duka akasema "mei you", yaani hakuna, akaendelea na tambi zake. Nikageuka. Nikatembea polepole. Nikapunguza mwendo zaidi. Hakuniita. Kurudi ni aibu, kwa hiyo nikashuka ngazi za umeme mpaka nikajikuta barabarani katikati ya mikokoteni, nikijifanya napokea simu.

Baada ya nusu saa Mueni akashuka na katoni nne. Alipewa kigoda, wakaonyeshana picha za watoto, bei ikashuka yenyewe. Nikamweleza kwamba ni kuondoka kwangu kulikomlainisha yule mama.

Jumanne, 4 Machi

Mueni kauliza habari za polisi. Eti anayelala nyumba ya mtu, si hotelini, ana saa ishirini na nne za kujiandikisha kituoni. Nikacheka. Nikamwambia hizo ni hadithi za kutishia wageni, mimi tangu nitoke hotelini Desemba sijakanyaga huko. Akasema Cyrille alimpeleka siku ileile ya kufika, akatoa karatasi mkobani. Ina muhuri.

Alipoondoka nikasoma masharti ya kuongeza viza. Yangu inaisha tarehe 15. Ombi liingie siku saba kabla, na Jumamosi ofisi imefungwa. Yaani Ijumaa hii! Cha kwanza kwenye orodha: karatasi kama ya Mueni. Nisipoipata narudi Bungoma, ambako niliagwa kwa mbuzi wawili na hotuba.

Kuipata kunahitaji mkataba wa pango. Mkataba ulikuwa mezani, chini ya dirisha. Siku tatu za hewa safi. Umelowa chepechepe, wino umetawanyika, limebaki nusu ya jina langu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenye nyumba ni Bi Chen, muuza zipu wa chini. Nilimwomba mkataba mpya kupitia simu inayotafsiri. Akapanda kwanza kuangalia. Ukuta mweusi kwa ukungu. Akafunga dirisha kwa kishindo, akanifokea kwa dakika tano nzima. Simu ilipotafsiri sentensi ya kwanza nikaizima.

Mwishowe akakubali kuandika mkataba na hata kuandamana nami kituoni, ila aje mtu wa kuaminika anayejua Kichina. Akamtaja mwenyewe. Jiji la mamilioni ya watu, na Bi Chen anamwamini Cyrille! Nimezunguka barabara yote ya Guangyuan Xilu nikitafuta mwingine. Hakuna. Nikamwomba Mueni aniombee.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja wote kituoni, hata Séphora. Askari akasoma anwani yangu kwa sauti, Cyrille akaifasiri: chumba kimoja, juu ya duka la zipu. Mueni akatazama viatu vyake. Niliona haya kweli.

Kisha karatasi ya kukiri kwamba nimechelewa kwa sababu sikujua sheria. Nikakataa. Mwalimu hawezi kutia sahihi kitu kama hicho. Cyrille akaniinamia taratibu: "Mon cher, unataka kubakia ao unataka kujua?" Nikatia sahihi.

Ombi la viza limepokelewa, dakika ishirini kabla ofisi ya viza haijafungwa. Cyrille akatununulia chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaenda msalani nikalia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na nguvu mpya. Tangazo limeshatoka: Darasa la Kujiandikisha Polisi, na mtaalamu aliyepitia mwenyewe. Bi Chen amenihamishia nyumba yake nyingine, mtaa wa pili, ili apake rangi ukuta nilioharibu. Mueni alinisaidia kubeba godoro, akauliza kama sasa sina budi kwenda kituoni tena, kabla ya kesho saa hizi. Mgeni ni mgeni tu. Nikamwambia wenzetu wa kituoni sasa wananijua kwa sura.

Chumba hiki kipya nacho kinanuka rangi mbichi. Nimefungua dirisha.