Vitambaa Vyekundu vya Odeta

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimechoka. Tangu kiwanda kipunguze watu, kazi yangu ni kumkatia majani ng'ombe mmoja, naye si wangu. Ni wa kikundi cha parokia: unakopeshwa ng'ombe, unalipa ndama. Nimempa jina Pensheni, maana ile nyingine sijaiona. Leo bwana mifugo, Chenge, amepita hapa kwetu Kiseke na kusema kamati inakuja Jumamosi. Ng'ombe akikutwa amedhoofu, anahamishiwa kwa anayejua kutunza. Wote tukamgeukia jirani yangu Odeta, mwenye mbuzi wanaong'aa. Akainamisha macho. Unyenyekevu wa kuudhi!

Jumanne, 5 Machi
Somo la Chenge. Majani ya kaliandra, ule mti wa malisho, yana tanini, yaani ule ukakasi wa ndizi mbichi. Ukiwa wa kiasi, minyoo inapungua na maziwa yanaongezeka. Ukizidi, mnyama anagoma kula. Tena miti ya aina moja hailingani ukakasi, hata ikiota bega kwa bega. Tafuna jani kwanza, ndipo ukate. Mimi nitafune majani? Mtu mzima, mwenye cheti cha ufundi?

Jioni nimechungulia kwa Odeta. Katika ua wake wa kaliandra, miti mitatu imefungwa vitambaa vyekundu. Aha! Mchoyo! Ile bora kajiwekea alama.

Alhamisi, 7 Machi
Odeta amekwenda msibani Kamanga. Nimeingia na panga. Miti yote mitatu, mzigo mzima! Kidogo kikifaa, kingi kitafaa zaidi. Mke wangu Winnie katafuna jani moja, katema, kasukutua. Kasema, Baba Kija, huyu ng'ombe utamuua. Nimemjibu kwamba yeye si ng'ombe. Akaenda kusonga ugali.

Ijumaa, 8 Machi
Pensheni amenusa, akageuza kichwa. Nikamnyima majani mengine yote. Mchana njaa ikamshinda, akala kwa kununa. Jioni choo kigumu, maziwa hayajai kikombe.

Odeta amerudi, kaja kubisha hodi. Eti nimemwona aliyekata miti yake ya vitambaa? Aliiwekea alama ing'olewe, maana ukakasi wake ni mkali mno, hata mbuzi wanaikimbia. Anataka kumshukuru aliyempunguzia kazi. Nimesema sijaona mtu. Nimeingia ndani nikalala na viatu.

Jumamosi, 9 Machi
Kamati imefika. Pensheni kasimama kichwa chini, ubavu umeingia ndani. Chenge ameokota jani horini, akalitafuna, uso ukamkunjamana. Hakuuliza lilikotoka, na hilo limeniuma zaidi. Kamba imetoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwa Odeta. Winnie amelia waziwazi. Mimi nimesingizia moshi. Nilimpenda yule ng'ombe, basi.

Jumapili, 10 Machi
Zizi tupu. Sikulala vizuri. Baada ya misa nimemfuata Chenge, nikamwomba sungura wa kikundi. Amesema sungura nao huchagua majani. Nimemwambia kiumbe mdogo vile, ladha ataijulia wapi? Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi, kama safari hii nitatafuna jani kwanza.

Nimemwambia hiyo ni kazi ya sungura.