Kuhusu Inveta Iliyonilaza Kitandani na Mayai

Job Nyamweya,
Magwagwa, Nyamira.
9 Septemba 2025

Kwa Bi. Farhiya Abdirahim,
Meneja, Duka la Sola la Jua Tosha,
Keroka.

Bi. Farhiya,

Salamu zikufikie wewe na wote mlio dukani. Sisi huku tunachuma majani ya chai na ndizi zinaiva. Inveta mliyotuuzia, hii mashine inayogeuza umeme wa betri ya sola uwe wa kutumika nyumbani, nayo ni nzima, na ndiyo sababu ninaandika. Asiyeumwa hapewi dawa.

Fundi wenu Abdirizak ameniarifu kwamba kuna sasisho jipya, yeye huliita apdeti, na kwamba nikibonyeza kitufe cha kijani, programu iliyo ndani ya inveta itaondolewa na kuwekwa nyingine. Nimekataa. Mke wangu Loice anataka nikubali kabla ya Jumatatu, kwa sababu siku hiyo anaingiza mayai mia tatu kwenye mashine yake ya kuangulia vifaranga, nayo hutegemea umeme wa inveta hiyo. Tumebishana wiki mbili. Jana alinipakulia ugali bila mboga. Kabla mambo hayajaharibika zaidi, naomba usome malalamiko yangu.

1. Sasisho la Aprili nililikubali kwa moyo mweupe. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila jua. Abdirizak akanipigia simu. "Mzee, betri iko asilimia ngapi?" Nikamjibu, "Iko sawa." Sikwenda kuangalia; mtu wa umri wangu haulizwi asilimia. "Basi bonyeza ile ya kijani, ni dakika nne tu." Nikabonyeza. Kioo cha inveta kikawa cheusi, umeme ukakatika, na hali ikabaki hivyo mpaka jua lilipochungulia saa kumi na moja. Abdirizak alidai baadaye kwamba betri ilikuwa asilimia tisa. Hayo ni maneno yake.

Ndani ya mashine ya Loice kulikuwa na mayai 264, yakiwa na siku ishirini, yaani yamebakiza siku moja tu. Hayo mayai ndiyo karo ya binti yetu Lorna. Loice alishika kichwa, akaketi sakafuni. Ni mama yangu mzazi, Bochaberi, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyesema, "Kwani kuku ana inveta? Si hulalia tu?" Tukagawana themanini na nane kila mtu. Mama alilala kitandani kwake, Loice kwenye godoro la wageni, nami kitandani kwetu chini ya blanketi mbili, na amri kali ya kutogeuka.

2. Saa tisa tukabishiwa hodi. Alikuwa Mchungaji Mathew pamoja na wazee wenzangu wawili wa kanisa, wamekuja tuzungumze habari za paa la kanisa. Loice akapaza sauti kutoka kwenye godoro lake: "Ingieni tu! Baba Lorna yuko chumbani, hawezi kuinuka!" Jambo hilo lilikuwa kweli tupu. Wakanikuta nimelala chali mchana kweupe, nimejifunika mpaka kidevuni, jasho linanitiririka.

"Mzee Job," akasema Mchungaji, "umeanza kuumwa lini?"

Nilitaka kueleza. Lakini wewe mwenyewe, Bi. Farhiya, ungeanzia wapi? Nikasema, "Tangu saa nane."

Wakapiga magoti. Mchungaji alipofika mahali pa kumsihi Mungu akiondoe kilicho tumboni mwangu, kifaranga wa kwanza akatoboa ganda, akalia. Mchungaji akafumbua jicho moja. Kifaranga wa pili akaitikia. Nikakohoa kwa nguvu, nikasema "Amina" kabla ombi halijaisha. Katika miaka yangu yote ya ushirika sikuwahi kumkatiza mchungaji.

Vifaranga 241 walipona. Sikatai kwamba nilipomshika mmoja kiganjani, angali na unyevu, machozi yalinitoka. Lakini Sabato iliyofuata nilitangazwa kuwa mgonjwa katika makanisa matatu. Akina mama walileta maziwa na ndizi kwa wiki mbili, nami nikayanywa na kuzila. Shemeji yangu Gladys alipiga simu kutoka Kiogoro kuuliza kama bado napumua. Mimi ni mzee wa kanisa, na nimedanganya kwa kunyamaza. Tangu siku hiyo nikiitwa mimbarini nasingizia koo. Haya yote yametokana na kitufe.

3. Ujumbe wenu wa sasisho huingia Jumamosi saa nne asubuhi. Safari ya mwisho simu ililia katikati ya somo. Mashine yenu itafanya kazi siku ipi ni shauri lenu, lakini iliyo ukutani kwangu ni ya nyumba ya Wasabato.

4. Nilipouliza sasisho linafanya nini, nilijibiwa, "Linarekebisha hitilafu ndogondogo." Kumbe zilikuwepo! Mwaka jana nilimuuzia jirani yangu Nyakundi ng'ombe. Tangu hapo sijamwandikia kwamba ng'ombe wake ametoka toleo jipya, abonyeze pembe ya kushoto na akose maziwa kwa saa tatu. Nikianza mimi, ataanza muuza mbolea, kisha fundi aliyeezeka nyumba, na mwisho mkwe wangu atasema binti niliyemwoza ana hitilafu ndogondogo, arudishwe nyumbani.

5. Sasa nakuja kwenye ushahidi wenyewe. Tangu Aprili mmeleta masasisho matatu. Sikugusa hata moja. Kila mara inveta ililia siku moja, siku mbili, kisha ikanyamaza yenyewe, ishara kwamba ilitambua msimamo wangu. Na matokeo? Betri inadumu kuliko zamani. Siku hizi hata inatuonya mapema ikikaribia kuisha, jambo ambalo haikulifanya ilipokuwa mpya. Hivyo ndivyo chombo kinavyostawi kikiachwa kwa amani. Hili la nne nimeliwekea kiti mbele ya inveta, na nimekikalia wiki mbili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mje mkitoe kitufe cha kijani. Pili, duka liandike barua isomwe kanisani, ieleze kwamba sikuwa mgonjwa bali nilikuwa nimelalia mayai, ingawa itafaa mtafute maneno mazuri zaidi. Tatu, mkiwa na jambo jipya la kuingiza katika nyumba ya mtu, mtu aje kwa miguu yake, apige hodi, anywe chai, aseme limebadilika nini. Mgeni asiyepiga hodi ana jina lingine.

Msalimie Abdirizak, simchukii. Wasalimie pia majirani zako wote wa dukani. Loice anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Ni mimi mteja wako mwaminifu na asiyebadilika,
Job Nyamweya

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliwasomea Loice na mama barua hii. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani ni vibaya kubonyeza ile ya kijani?" Amekuwa akiibonyeza kila mashine inapolia, mara tatu, kwa sababu inamvuruga akisali. Hungoja jua liwe kali na hutazama kwanza namba ya betri, kama Abdirizak alivyomfundisha kwa simu. Hili la nne amelibonyeza leo asubuhi, nilipoinuka kwenye kiti ili nikuandikie. Lilichukua dakika nne. Basi hoja ya tano naomba uisome kinyume, na ombi la kwanza ulifute. La pili pia lifute: Loice amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasema Mchungaji nitamweleza mwenyewe Sabato hii, naye atasimama kando yangu. La tatu liacheni, chai ipo. Na kuanzia sasa ujumbe wa masasisho utumwe moja kwa moja kwa mama. Namba yake, nimeambiwa, mnayo.