Jalada Jekundu na Kiti cha Baba Mkwe

Jumamosi, 2 Machi

Kesho chakula cha mchana kwa baba mkwe. Tena! Kiti chenye mikono atakalia mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu, kwa sababu ana karakana ya magari na sauti nene. Mimi nitapewa stuli ya jikoni, kama kawaida. Baba mkwe, askari jela mstaafu, ataniuliza kwa huruma kama bado napanga mafaili. Nitasema ndiyo. Atatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa.

Hajui ni mafaili gani. Mimi ni karani wa masijala ya siri. Mafaili ya wenzangu yanakaa rafuni wazi, yangu yanakaa nyuma ya mlango wa chuma na ufunguo nauning'iniza shingoni. Lakini hakuna kazi mbaya kama ya siri kwa mtu anayetaka kusifiwa. Huwezi kumweleza mtu.

Kumweleza, hapana. Kumwonyesha je?

Leo nimetoka ofisini na jalada moja chini ya shati. Nimechagua lililo jipya kuliko yote, maana mstari wake mwekundu bado unang'aa na muhuri wa SIRI haujafifia. Sitalifungua. Mimi si mhaini. Litakaa tu mezani, lionekane. Jumatatu asubuhi litakuwa mahali pake. Nani atajua?

Jumapili, 3 Machi

Ushindi!

Niliingia, nikasalimia, nikaliweka jalada kando ya bakuli la mchuzi, muhuri juu. Nikashusha pumzi. Nikasema serikali hainiachii hata Jumapili. Baba mkwe alivaa miwani. Akaivua. Kisha akamgeukia mwanyumba na kumwambia: "Hebu mpishe mwenzio."

Nikakaa! Kiti ni laini kuliko nilivyodhani. Mwanyumba kwenye stuli, magoti karibu na masikio. Akauliza kwa chuki ndani mna nini. Nikamwambia kuna mambo ambayo hata mke wangu hayapati kutoka kwangu. Mke wangu akakohoa.

Baada ya kula nikasinzia humo humo kitini. Jalada nililisukuma nyuma ya mto, kwa usalama.

Sasa niko nyumbani. Nimevua shati. Jalada liko nyuma ya mto.

Jumatatu, 4 Machi

Nimewahi kwa baba mkwe kabla ya kazi. Nimemkuta mlangoni, mikono nyuma. Ameshaliona. Ameshalifungia kwenye sanduku lake la bati.

Nikacheka kidogo, nikaomba nipewe. Akasema hapana. Atalikabidhi mwenyewe kwa mkuu wa ofisi, mkono kwa mkono, tena kwa saini, kama walivyokuwa wakikabidhiana wafungwa. Nikamwambia mwenye dhamana ya jalada hilo ni mimi. "Mwenye dhamana haachi kitu cha serikali nyuma ya mto, mwanangu," akasema, taratibu kabisa, na kuniuliza kama nimekunywa chai.

Kinachomchelewesha ni suti tu. Iko kwa dobi hadi Alhamisi, naye haingii ofisi ya serikali na fulana. Mungu ambariki dobi huyo na uvivu wake!

Ofisini, balaa. Mkurugenzi wetu ni mama mgeni, hana muda mrefu hapa, na ana tabia ya ajabu: anasoma. Amesema kuna jalada lazima lizungushwe kabla ya mkutano wa Alhamisi. Lianze kwa Afisa Tawala, liende kwa Naibu Mkurugenzi, limalizie kwake mwenyewe. Nikauliza jalada lipi. Nilijua kabla hajamaliza kutamka. Ndilo lile jipya, bila shaka. Ningechukua zee lenye vumbi leo ningekuwa nakula muwa.

Akaongeza, kwa sauti ya kawaida, kwamba atakayepoteza nyaraka ya siri chini yake atawajibika, awe mkubwa awe mdogo. Tuliokuwepo tuliitikia kwa vichwa kwa nguvu. Mimi kuliko wote.

Kazi hii ndiyo inayonilisha. Saa kumi na moja jioni, nimepata mpango.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ni mzuri mpaka unanitisha.

Majalada matupu ninayo. Muhuri ninao. Kilichokosekana ni cha ndani, kitu chenye unene. Mke wangu ni fundi cherehani. Chini ya cherehani ana rundo la karatasi za michoro na vipimo. Nimechukua fungu zima akiwa anaoga. Nikatoboa, nikafunga uzi, nikagonga SIRI kila ukurasa. Ukilitazama kwa mbali, utalipigia saluti.

Jalada limekwenda kwa Afisa Tawala, ambaye tunamwita Rula kwa vile hunyoosha kila kitu, hata kalamu za wenzake. Rula ananitafuta siku nyingi. Anautaka ufunguo wangu. Aliwahi kulalamika kwamba naweka birika la chai juu ya kabati la siri. Ni kweli, lakini pale ndipo palipo na soketi.

Nimeketi nikisubiri anipigie kelele. Hakuna kelele. Jalada limerudi na maandishi yake yaliyonyooka: "Nimepitia ukurasa kwa ukurasa. Hoja zina uzito."

Nimesoma mara mbili. Kisha nimekunywa chai, birika likiwa palepale.

Jumatano, 6 Machi

Naibu ameandika chini ya Rula: "Naungana na mwenzangu hapo juu. Utekelezaji uanze bila kuchelewa."

Viongozi wa namna hii ndio hunifanya niipende nchi.

Nyumbani si kuzuri. Mke wangu amepindua godoro akitafuta vipimo vya mteja wake, mama mmoja mnene mwenye hasira ambaye gauni lake linatakiwa wiki hii. Akaniita baba watoto kwa ile sauti. Nikasema labda panya. Akauliza ni panya gani anayekula karatasi na kuacha mkate. Nikajifanya nimepaliwa.

Jalada sasa liko kwa Mkurugenzi. Najipa moyo. Akikuta saini mbili za wakubwa, yeye ni nani asisaini ya tatu?

Alhamisi, 7 Machi

Amesoma.

Mkutano ulianza vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na mkoba wenye kufuli, kama ilivyo desturi. Mkurugenzi akasema kabla ya mjadala atatusomea maoni. Akasoma ya Rula. Rula akainamisha kichwa kama bwana harusi. Akasoma ya Naibu. Naibu akaweka tai sawa. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ileile:

"Mabega yapunguzwe. Kiuno kiongezwe sana, mteja amenenepa, ila asiambiwe."

Feni ilikuwa inazunguka juu. Niliisikia vizuri.

Mkurugenzi akamuuliza Naibu utekelezaji uanzie kiuno cha nani. Naibu akafikiri, akasema huenda ni mafumbo ya watu wa usalama. Nusura nimkumbatie! Lakini Rula alishaninyooshea kidole, kidole kilichonyooka kweli kweli, akisema masijala ni yangu, ufunguo ni wangu, aulizwe mwenye birika.

Hapo mlinzi wa getini akachungulia. Akasema kuna mzee ana kifurushi, amekataa kumkabidhi mtu yeyote aliye chini ya Mkurugenzi.

Suti ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakata. Baba mkwe aliingia, akagonganisha visigino, akatoa jalada kwenye foronya nyeupe. Akaomba saini kwanza. Akapewa. Akaikagua. Mkurugenzi akamuuliza amelitoa wapi. Nikamtumbulia macho. Nikakunja uso. Nikafanya kila ishara ya njia, barabara, mtaro, kwamba aseme ameliokota.

"Nyumbani kwangu," akasema. "Lililetwa na mkwe wangu, huyu hapa anayekunja uso. Alilileta anionyeshe."

Mkurugenzi akauliza kama amelifungua. Akajibu kwamba funguo za watu amezishika maisha yake yote na hajawahi kufungua mlango usiomhusu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema hatanidanganyia, lakini anaomba aruhusiwe kusimama karibu nami nikiwa naulizwa.

Akasimama. Bega kwa bega. Niliulizwa kwa muda mrefu, nikajibu yote, hata la birika. Hakukaa hata alipopewa kiti.

Nje nikamshukuru. Akanijibu: "Simama wima. Shati limetoka."

Ijumaa, 8 Machi

Hukumu.

Ufunguo nimeuvua. Shingo ni nyepesi, najihisi kama kuku aliyenyonyolewa. Sijafukuzwa! Mkurugenzi amesema kwa kuwa jalada limerudi bila kufunguliwa na nimekiri bila kuzungusha (sikuwa na nafasi ya kuzungusha), nimeondolewa masijala na kupelekwa bohari ya samani. Pamoja na barua ya onyo. Nisaini nakala, niirudishe Jumanne.

Ufunguo hakupewa Rula. Raha iliyoje! Rula na Naibu hawasaini tena jalada lolote mpaka wamsomee Mkurugenzi kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nimempitia Rula dirishani saa nne. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Aliponiona akasoma kwa nguvu zaidi, kwa uchungu.

Lakini la ajabu ni hili. Mkurugenzi ameandika taarifa kwenda kwa wakubwa wake na ameanza na jina lake mwenyewe, kwamba ofisi ni yake na funguo alizigawa yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Nikamuuliza katibu wake muhtasi kama mama anaumwa. Akaniambia yeye ndivyo alivyo, na kwamba majina yamepangwa kwa ukubwa wa dhamana: Mkurugenzi, Naibu, Rula, mimi.

Wa nne! Hata kwenye makosa napewa stuli ya jikoni.

Karatasi za mke wangu zimezuiwa kama kidhibiti. Ikabidi amwambie yule mteja kwamba kiuno chake kiko mikononi mwa serikali. Tulitegemea ugomvi. Kumbe mama wa watu alitabasamu, akapimwa upya na kuagiza gauni la pili. Mke wangu bado haongei nami, lakini leo kwenye sahani yangu kulikuwa na nyama.

Bohari nimeiona. Jamani! Viti. Viti vya mikono kutoka sakafuni hadi darini, vya ngozi, vya kitambaa, kimoja kinazunguka. Nimekaa kwenye kila kimoja. Hapana aliyeniambia nimpishe mtu.

Jumapili, 10 Machi

Siku njema.

Barua ya onyo na nakala yake zimo kwenye bahasha ya kaki. Jina langu limepigwa chapa, lote, bila kukosewa. Na juu yake muhuri mwekundu wa SIRI! Miaka yote nimegonga muhuri ule kwenye mambo ya watu, leo kwa mara ya kwanza siri ni mimi. Ingekuwa dhambi kuiacha nyumbani.

Kwa baba mkwe, kiti chenye mikono alikuwa amekikalia mwenyewe. Sisi wakwe wawili, stuli mbili. Si mbaya. Nikaweka bahasha kando ya bakuli, muhuri juu. Nikashusha pumzi. Mwanyumba akaitazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, ile nene sijui aliiacha wapi, kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia mambo mengine huwa hayasemeki mezani. Akanisogezea paja la kuku. Baba mkwe aliniangalia na kuuliza huko bohari naendeleaje. Hakutikisa kichwa! Nikamwambia nina viti zaidi ya waziri. Akacheka. Mke wangu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Tukarudi kwa miguu, tumeshiba, tukiongea. Nimevua shati. Nimeketi.

Bahasha.

Nimempigia simu baba mkwe. Ameiona kando ya bakuli na ameshaifungia kwenye sanduku. Ataikabidhi kwa Mkurugenzi, kwa saini. Suti ina doa la mchuzi, amempelekea dobi, itatoka Alhamisi.

Na nakala inatakiwa Jumanne.

Si kitu. Bahasha za kaki ziko tele bohari, na mke wangu ana karatasi nyingine chini ya cherehani.