Mlango wa Kushoto wa Gari la Shemeji

Jumatatu, 4 Mei

Chuo kimenipokea. Au tuseme karibu kinipokee. Imebaki nafasi moja kwenye kozi ya kunyoosha bodi na kupaka rangi magari, na tunaoigombea ni wawili: mimi na binti wa seremala, jirani yetu. Yaani nimeshapokelewa.

Binti huyo namwita Polepole. Kazi ambayo wengine huimaliza asubuhi moja, yeye huifikisha siku ya tatu, na hata hapo bado anaipitisha msasa. Namwonea huruma.

Mwalimu alituita uani pa chuo. Kuna rundo la milango ya magari mabovu, yote ya aina moja. Akaegemeza miwili ukutani, akachukua nyundo, akaupiga kila mmoja pigo moja, juu kidogo ya kitasa. Ndivyo anavyowapima watu kila muhula. Anabonyeza mwenyewe, kisha anataka aone utakavyorudisha. Tuna hadi Jumamosi. Bati linyooshwe kwa nyundo, puti ya kuzibia mabonde isizidi unene wa ukucha, rangi iwe nyeupe.

Polepole akapiga magoti hapo hapo, akaanza kupapasa palipobonyea. Mimi nilibaki nimesimama, nautazama mlango wangu. Nimeuona wapi huu? Mara nikakumbuka. Gari la shemeji! Aina ile ile. Mlango wake wa mbele, kushoto, mweupe, umenyooka, unang'aa. Na shemeji ameondoka leo asubuhi na gari la ofisi kwenda kupima viwanja. Harudi hadi Ijumaa jioni.

Nisiandike zaidi. Daftari hili halina kufuli.

Jumanne, 5 Mei

Mpango wenyewe ni huu. Mlango wa shemeji unakwenda kwa mwalimu. Mlango wa mwalimu unakwenda kwenye gari la shemeji. Hakuna aliyeibiwa. Kila mtu ana mlango.

Kuufungua kumenichukua saa tano nzima. Kioo, kitasa, ngozi ya ndani, nyaya. Dada yangu alitoka na futi yake shingoni (ni mshonaji), akauliza kulikoni gari la mumewe liko wazi upande mmoja. Nikamwambia natia grisi bawaba, shemeji akirudi akute zawadi. Akanitazama vile anavyotazama gauni lililokatwa vibaya.

Kisha akanikumbusha kwamba hii ni mara ya mwisho. Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo ninayoiogopa. Yeye ndiye aliyekwenda kumwomba mwalimu aniandike, baada ya mambo ya kunyoa, na ya kuku, na ya kutengeneza simu. Nikikosa nafasi, Jumatatu ijayo naanza kupakua saruji dukani kwa mjomba. Mjomba ameshakubali. Ameshanitafutia na glavu.

Saruji! Mimi na vidole hivi.

Kuna kasoro moja tu kwenye mpango. Mlango wa mwalimu ni wa buluu na una shimo la nyundo. Shemeji naye hulifuta gari lake kila asubuhi kwa kitambaa laini, analijua doa kwa doa. Mwalimu nitamdanganya bila shida. Shemeji simwezi. Kwa hiyo huu mlango wa bandia itabidi niutengeneze vizuri sana.

Jumatano, 6 Mei

Nimegonga tangu asubuhi. Nyundo ndogo kwa nje, kipande cha chuma kizito nimekishikiza kwa ndani. Mwanzoni nilipiga kwa hasira na bati likazidi kukunjamana. Nikamfikiria shemeji na kitambaa chake. Nikapunguza mkono. Nikaanzia pembeni, nikaingia katikati taratibu, nikifumba macho na kupapasa kwa kiganja, maana jicho linadanganya.

Saa tisa bati likarudi. Lilitoa mlio mdogo, likakaa mahali pake. Nikapitisha kiganja mara kumi. Nilifurahi kiasi kwamba nikageuka kutafuta mtu wa kumwonyesha, na hakukuwa na mtu ila kuku wa jirani. Sijui ilikuwa furaha ya nini. Huu si hata mlango wa mtihani.

Polepole alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama hiyo ndiyo kazi yangu ya Jumamosi. Nikamjibu kuwa ni mazoezi tu. Akasema mazoezi hayo yamenyooka. Wivu huo.

Jumamosi, nafasi yangu. Nitamsaidia Polepole kutafuta kitu kingine cha kufanya. Pengine kufuma.

Alhamisi, 7 Mei

Kompresa pekee mtaani ni ya seremala, baba yake Polepole, anayoitumia kupulizia vanishi kwenye makabati. Nikabeba mlango hadi kwao. Polepole alikuwa bado anasugua wa kwake. Siku ya nne!

Akanionyesha kitu bila kuombwa. Unapaka vumbi la mkaa juu ya puti, kisha unapitisha msasa. Panapobaki peusi ndipo palipozama. Nikamwambia naijua mbinu hiyo tangu zamani. Alipogeuka nikapaka mkaa. Palikuwa peusi sehemu nne. Nikasugua hadi zikaisha, na puti ikabaki nyembamba kiasi kwamba unaona bati kwa chini.

Rangi ndiyo ilinitoa jasho. Nyeupe ya gari la shemeji imeanza kuzeeka, si nyeupe ya kopo. Nikachanganya tone la njano, nusu tone la nyeusi, nikapaka kwenye kifuniko cha bati, nikakimbia nacho nyumbani kukiweka juu ya boneti. Hapana. Nikarudi. Mara sita. Jirani mmoja akauliza kama kuna msiba. Mara ya saba kifuniko kikapotea juu ya boneti. Nilikitafuta kwa vidole.

Polepole akamwagia uwanja maji kutuliza vumbi, akanishikia taa. Nikapuliza mikono mitatu miepesi ya rangi, nikasubiri kati ya mmoja na mwingine kama alivyosema. Haikuchuruzika hata tone. Akauzunguka mlango wangu, kisha akasema mwalimu ataupenda. Masikini. Hajui kuwa mwalimu hatauona.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeufunga mlango kwenye gari. Skrubu tatu zimebaki. Watengenezaji huweka nyingi bure.

Nikarudi nyuma kutazama. Hautofautiani na gari lote hata kidogo. Ndipo nikakumbuka mchubuko! Mwaka jana baiskeli ya mtoto wa jirani iliuchubua mlango wa shemeji upande wa chini, alama ya ndoana, na shemeji huisimulia kwa kila mgeni. Bila mchubuko huo nimekwisha. Nikachukua msumari. Nilikaa kando ya gari kitambo kizima nikiutazama mlango wangu mzuri, na nakiri kwamba nilisikia uchungu wa kweli. Kisha nikachora. Ndoana ile ile, urefu ule ule. Ule wa kwenye mlango wa shemeji nikauziba kwa rangi iliyobaki.

Shemeji amerudi saa kumi na mbili. Kabla hata ya kuvua viatu akalizunguka gari na kitambaa. Akainama kwenye mchubuko, akatikisa kichwa, akamlaani mtoto wa jirani. Nikapumua. Akafungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena. Akasema zamani ulikuwa unataka kubamizwa mara mbili, sasa umefunga kwa kidole. Dada akamweleza habari za grisi. Shemeji akanishika bega, akasema kesho atanipeleka chuoni mwenyewe, na mlango wangu wa mtihani, kwa heshima zote.

Mambo yanakwenda yenyewe.

Jumamosi, 9 Mei

Niandike kwa utulivu.

Tulikwenda na gari. Shemeji na dada mbele, mimi nyuma na mlango wa shemeji mapajani, nimeufunga blanketi. Wao wakabaki getini, mimi nikaingia. Polepole alikuwa ameshafika na mkokoteni wa baba yake.

Mwalimu akaanza na mlango wa Polepole. Akatoa mfukoni sumaku iliyofungwa kitambaa, ambayo hainati penye puti nene, akaiweka pale alipopiga Jumatatu. Ikanata. Akaguna, akasema vizuri.

Akaja kwangu. Nilimfunulia blanketi kwa madaha. Akaweka sumaku juu ya kitasa. Ikanata vizuri kabisa. Nikamkonyeza Polepole, ambaye alikuwa anaukodolea macho mlango wangu kana kwamba haujui. Kwa kweli haujui. Mwalimu akaishusha sumaku kidogo. Ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaiweka tena, ikaanguka tena. Akagonga kwa kidole, pakajibu kama ubao. Akakwangua na kisu, ukatoka unga wa puti mnene kama soli ya kandambili.

Akaniambia, bila hasira, kwamba alipiga juu na mimi nimeziba chini. Kwamba pale alipopiga hapajaguswa na mtu tangu kiwandani, na pale ambapo hakupiga pamejazwa takataka na mtu asiyejua kazi. Kwa miaka yote aliyofundisha hajawahi kuona mwanafunzi akitengeneza mahali pasipoharibika. Nafasi ni ya binti wa seremala. Nijaribu tena Septemba.

Puti kwenye mlango wa shemeji! Gari ambalo anaapa halijawahi kugongwa!

Mwalimu ni mstaarabu, akatusindikiza mimi na Polepole hadi getini. Pale akaliona gari, akaweka mkono juu ya mlango wa kushoto kuwasalimia dada na shemeji. Mkono ukasimama. Akapapasa. Akatoa sumaku, ikanata juu, ikanata chini, ikanata kila mahali. Akainama akautazama kwa ubavu dhidi ya jua. Akauliza nani ametengeneza mlango huu.

Mwalimu akasema umepigwa, umerudishwa, na rangi imelinganishwa na mtu mwenye jicho. Akasema huyo aliyefanya kazi hii akija kwake leo, atampokea bila mtihani, hata kama ni kuongeza kiti. Ila mpumbavu aliyeuchora na msumari asikaribie chuo.

Polepole akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Cha ajabu ni shemeji. Alikuwa ametoka jasho. Akasema haraka haraka, huku akimtazama dada kwa pembeni, kwamba mlango huo ni wa kiwandani, haujaguswa na fundi yeyote, aulizwe mtu yeyote. Mwalimu akanigeukia mimi. Ninaishi na gari hilo, akasema, bila shaka najua. Nikaapa. Nikasema ninavyolijua gari hilo, mlango ule ni ule liliozaliwa nao. Dada alikuwa ananitazama.

Mwalimu akarudisha sumaku mfukoni, akasema basi amezeeka. Polepole alikuwa ameshika mguu wake. Machozi yalimlengalenga, nafikiri si ya mguu.

Jumapili, 10 Mei

Asubuhi shemeji ameniita nyuma ya jiko, akanong'ona. Mwaka juzi aligonga nguzo ya geti. Mlango uliingia ndani. Akaupeleka kwa fundi wa kando ya barabara, akamwomba amalize siku hiyo hiyo ili dada asijue. Sasa amegundua kuwa fundi yule alikuwa hodari kumbe, hata mwalimu wa chuo amemsifu. Ameniomba nisimwambie dada. Nikamwahidi.

Kwa hiyo mambo yako wazi. Nimefeli kwa kosa la shemeji. Mpango ulikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho, mlango tu ndio ulikuwa na historia.

Polepole amekuja jioni, anachechemea kidogo. Akasema kesho twende kwa mwalimu pamoja, nimweleze ukweli wote, ule mlango ni kazi yangu na yeye atakuwa shahidi. Nikamshukuru, nikamwambia hajui namna mambo yanavyokwenda. Ameondoka bila kuaga.

Kesho naanza kwa mjomba. Nilipita leo kumsalimia na kujaribu glavu. Nimefurahi nilivyopita. Septemba mwalimu hatapiga milango, atapiga maboneti ya pikapu, nimeuliza. Na mjomba amenunua pikapu. Mpya kabisa, nailoni bado ziko kwenye viti, haijagusa hata jani. Nimeinama kutazama. Boneti imeshikwa na bolti nne tu.